Rekodi iliyofutwa usiku kwa sababu ya jina lililofanana

Ndugu wasomaji, tuliahidi kwamba wiki hii tungeendelea na mazungumzo yetu juu ya watoto na likizo. Tunaomba radhi, tutayarejea inshaallah. Limetokea jambo katika ofisi yetu ya msikiti ambalo tumeona haifai kulinyamazia, kwa kuwa kosa lililotufika sisi linaweza kuifika nyumba yoyote yenye simu mbili na kompyuta moja.

Usiku mmoja baada ya Isha tulipigiwa simu kutoka Muscat. Aliyepiga ni mtoto mkubwa wa marehemu mwalimu wetu, ambaye kwa miaka mingi alitusomesha fiqhi kila usiku wa kuamkia Ijumaa. Salamu zilipokwisha akasema: "Ustadhi, nimepata habari kwamba mzee katika darsa yake ya mwisho alitaja deni. Tunataka kugawa mirathi na deni hatulijui. Nakuombeni mnitumie rekodi niisikie kwa masikio yangu."

Tukamjibu bila ya kusita kwamba rekodi ipo, na kwamba asubuhi ataipata.

Msomaji aliyepitia mlango wa mirathi anajua uzito wa ombi hilo. Mali ya maiti haiwafikii warithi mpaka yatolewe gharama za maziko, kisha yalipwe madeni, kisha utekelezwe wasia usiozidi thuluthi. Deni lisilojulikana huwafunga warithi mikono, na aliye kaburini ndiye mwenye haja zaidi ya kulipiwa. Waliohudhuria darsa ile walikuwa wengi, lakini tulipowauliza, mmoja alisema mwalimu alitaja laki tatu, mwingine akasema laki tano. Wote wawili ni watu wa safu ya mbele, na hakuna hata mmoja tunayemtuhumu. Ni kwamba darsa ilikuwa ndefu, na deni alilitaja mwishoni, watu wakiwa wameshaanza kutafuta viatu.

Asubuhi tukafungua kompyuta. Daftari letu lilisema darsa hiyo ni faili REC0014. Tukalibonyeza, na sauti iliyotoka ilikuwa ya watoto wa chuoni wakisoma alif kwa kijiti, be kwa kijiti, na mwalimu wao akigonga meza. Tukadhani tumekosea namba. Tukafungua la kumi na tatu, tukakuta mkutano wa akina mama wa kuandaa futari. Tukafungua la kumi na tano, nalo lilikuwa tupu. Darsa za mwisho za mwalimu wetu, kuanzia ya kwanza mpaka ya kumi na nne, hazikuwepo tena.

Ilituchukua siku mbili kufahamu kilichotokea, na tulipofahamu tuliona haya, kwa sababu hapakuwa na mwizi wala virusi. Kinasa sauti chetu huzipa rekodi majina kwa kuhesabu: moja, mbili, tatu. Kila usiku saa nane, wakati vifurushi vya intaneti ni rahisi, kompyuta ndogo iliyo chumba cha nyuma cha msikiti huzituma rekodi mpya kwenye kompyuta ya ofisi ya madrasa, mtaa wa pili, wakati sote tumelala. Mpango huu tuliuanzisha wenyewe na tukausifu katika kikao cha kamati. Kisha siku moja kadi ya kumbukumbu ya kinasa sauti ikajaa. Muadhini wetu, kwa nia njema kabisa, akaifuta yote, kwa kuwa tulikwisha kumwambia kwamba kila kilichomo kimeshahamishwa salama. Kadi ilipokuwa tupu, kinasa sauti kikaanza kuhesabu upya. Rekodi ya kwanza baada ya hapo ikaitwa REC0001, kama ile ya kwanza ya zamani. Usiku ule kompyuta ikaona jina ni lile lile na kilichomo ni tofauti, ikahitimisha kwamba hili ni toleo jipya la faili lile lile. Ikaondoa la zamani na kuweka jipya. Ikafanya hivyo usiku wa pili, na wa tatu, mpaka ikafika la kumi na nne.

Mtu anaponakili mafaili mwenyewe mchana, kompyuta humsimamisha na kumuuliza: lipo faili lenye jina hili, je, nilibadilishe? Kazi inapofanywa usiku bila ya msimamizi, hakuna wa kuulizwa, na mashine hufuata amri iliyopewa tangu mwanzo. Programu tunayotumia huitwa rsync. Ilitolewa mara ya kwanza mwaka 1996, na hutumika duniani kote kwa kazi hii hii. Ina amri ya kuizuia isiguse faili lililokwisha kuwepo, na ina amri nyingine ya kuliweka kando la zamani kabla ya kuingiza jipya. Hatukutumia hata moja kati ya hizo. Hatuna basi pa kuitupia lawama.

Jambo lililotuuma zaidi ni kwamba sisi, tuliokaa miaka chuoni tukisoma elimu ya Hadithi, ndio tuliopaswa kuliona hili mapema kuliko mtu yeyote. Wanavyuoni wa Hadithi wana mlango mzima unaoitwa al-muttafiq wal-muftariq: majina yaliyoafikiana na watu waliotofautiana. Al-Khatib al-Baghdadi, aliyefariki mwaka 463 Hijria, ameandika kitabu chenye jina hilo. Ibn as-Salah, aliyefariki mwaka 643 Hijria, ametaja watu sita waliokuwa wakiitwa al-Khalil bin Ahmad, na mwanalugha mashuhuri wa Basra aliyeasisi elimu ya arudhi ni mmoja tu kati yao. Mwanafunzi akiona jina hilo katika isnadi na asiulize ni yupi, anaweza kumpa mtu riwaya ya mwenzake, au kumfanya dhaifu kuwa madhubuti. Kwa ajili hiyo wanavyuoni hawakutosheka na jina na jina la baba. Waliongeza la babu, kunia, mji, kazi, mwaka wa kufariki, na masheikh aliopokea kwao. REC0014 ni jina lisilo na baba wala mji. Tulilikubali kwa sababu tu mashine ndiyo iliyolitoa.

Kuna na kisa cha pili ambacho kila aliyesoma tarehe ya Kiislamu amekisikia. Imepokewa kwamba Sayyidna Umar bin al-Khattab (R.A.) aliletewa hati ya deni ambayo muda wake wa kulipwa ni mwezi wa Shaabani, naye akauliza: Shaabani ipi? Iliyopita, hii tuliyo nayo, au ijayo? Kisa hiki hutajwa miongoni mwa sababu zilizowafanya Masahaba wakae mashauriano na kuweka hesabu ya miaka kuanzia Hijra, na kauli mashuhuri ni kwamba hayo yalikuwa mwaka wa 17. Hati ile ilikuwa na jina la mwezi, na jina lilikuwa sahihi, ila lilirudi kila mwaka likiwa lile lile, kama namba za kinasa sauti chetu. Na ajabu ya Mungu, pale palikuwa na deni, na kwetu pia palikuwa na deni.

Basi tulimwita kijana mmoja aliyesoma madrasa yetu, ambaye sasa anasomea mambo ya kompyuta. Alitusikiliza, akacheka kidogo kwa adabu, akasema: "Ustadhi, hii ni kazi ya skripti ndogo tu." Skripti ni karatasi ya maagizo ambayo kompyuta huisoma mstari kwa mstari na kutenda. Yake ilikuwa na mistari kama arubaini. Ilimpasa kuliangalia kila faili lililoingia usiku, kusoma saa lililorekodiwa, na kulipa jina jipya la namna hii: 2024-05-09_20-10_darsa_mirathi. Mwaka hutangulia, kisha mwezi, kisha siku, kisha saa na dakika, kisha aina ya rekodi na maudhui yake. Mpangilio huu wa tarehe ndio uliomo katika kanuni ya kimataifa ya ISO 8601, iliyotangazwa mwaka 1988, na faida yake huonekana mara moja: kompyuta ikipanga majina kwa herufi, huwa imeyapanga pia kwa wakati. Anayeanza na siku, kama tulivyozoea katika barua, atakuta tarehe 1 za miezi yote zimekusanyika pamoja kama wageni wa arusi.

Tulidhani kazi itakwisha kwa siku moja. Ilichukua wiki sita.

Kwanza ulikuja mgogoro wa wakati. Uhamishaji ulianza saa nane usiku, na kijana akaiweka skripti iamke saa tisa, kwa hesabu kwamba saa moja yatosha. Usiku wa tatu umeme ukakatika, ukarudi, na uhamishaji ukachelewa. Skripti ikaamka kwa saa yake, ikakuta faili lililofika nusu. Programu ya rsync hulipa faili linaloendelea kuingia jina la muda linaloanza na nukta, na halipewi jina lake mpaka limalizike. Lakini skripti yetu ya mwanzo ilikuwa ikichukua kila kitu kilichomo katika folda, chenye nukta na kisicho na nukta. Asubuhi tukakuta darsa ya dakika hamsini ina dakika kumi na saba, na jina lake ni zuri kabisa. Hilo ndilo lililotutisha. Faili bovu lenye jina bovu humtia mtu shaka akaliangalia. Faili bovu lenye jina zuri hupita.

Dawa yake haikuwa kuisogeza skripti mpaka saa kumi, maana umeme wetu hauna mkataba na saa kumi. Maamuma hafuati saa ya ukutani. Humfuata imamu, na imamu asiporukuu, harukuu. Kijana akaifunga skripti nyuma ya uhamishaji wenyewe: amri ya pili haisomwi mpaka ya kwanza imalizike na kurudisha jibu la sifuri, na sifuri katika lugha ya mashine maana yake ni salama. Jibu likiwa jingine lolote, hakuna jina linalobadilishwa usiku huo.

Mgogoro wa pili tulijitakia wenyewe. Skripti ilipobadili jina la faili lililofika, usiku uliofuata programu ya uhamishaji ilitazama upande wa ofisi, haikuona REC0003, ikahisi haikutumwa, ikaituma tena. Skripti nayo ikaipa jina. Kwa wiki moja tulikuwa na nakala saba za khutba moja, na kifurushi cha intaneti kimekwisha. Sasa tuna folda mbili. Ya kwanza tunaiita Mapokezi, na humo faili hubaki na jina lililokuja nalo, haliguswi. Ya pili ni Maktaba, na skripti hutia humo nakala yenye jina jipya. Kabla ya kunakili, hupiga hesabu ya kilichomo ndani ya faili na kupata mfululizo wa herufi na tarakimu 64, ambao ni kama alama ya kidole: rekodi ile ile hutoa alama ile ile hata ikibadilishwa jina, na rekodi nyingine hutoa nyingine. Alama ikiwa imeshaandikwa katika daftari la Maktaba, skripti huipita. Ikiwa ni mpya, huinakili, kisha huipiga hesabu tena kwenye nakala, na zikilingana ndipo huandika kwamba kazi imekamilika. Kama jina jipya nalo limekwisha kutumika, huongeza namba mwishoni. Halibadilishi la zamani kamwe.

Hilo la mwisho tulilazimishwa, na aliyetulazimisha hajui kutumia kompyuta. Mhazini wetu ni mzee wa miaka zaidi ya sabini ambaye hesabu zake zote zimo katika madaftari ya kuchora mistari kwa rula. Katika kikao alituuliza: "Wanangu, kwa nini msimpe mtu mmoja kalamu, akaandika kila siku nini kimerekodiwa?" Tukamweleza kwamba mtu huyo tulikuwa naye, na kwamba aliugua, akasafiri, akaoa, na daftari likabaki na mapengo. Akafikiri kidogo, akasema: "Basi iandike mashine. Lakini ruhusa ya kufuta msiipe." Kijana wetu alikuwa ametia mstari wa kusafisha Mapokezi kila mwisho wa mwezi. Aliutoa pale pale mbele ya kamati. Sasa kufuta ni kazi ya watu wawili, mchana, na wote wawili hutia saini katika daftari la mzee, lile la rula.

Mengine yalikuwa madogo lakini yana mafunzo kwa wanaotaka kujaribu. Skripti ya mwanzo ilisimama ghafla kila ilipokutana na rekodi iliyoitwa "Jum'a". Alama ile ndogo ya juu, ambayo sisi tunaihitaji katika ng'ombe na katika majina mengi ya Kiarabu, mashine huielewa kuwa ni kufungua au kufunga nukuu, ikabaki ikingojea mwenzake asiyekuja. Nafasi kati ya maneno nayo huifanya idhani jina moja ni mawili. Tulijaribu pia kuandika majina kwa herufi za Kiarabu, kwa mapenzi tu, tukakuta kwamba maandishi yanayokwenda kulia kushoto yakichanganywa na tarakimu, jina huonekana kwenye kioo limepinduka, na wasomaji wawili hawakubaliani limeanzia wapi. Kwa masikitiko tukarudi kwenye herufi za kawaida, zote ndogo, na mstari wa chini badala ya nafasi.

Saa ya kinasa sauti ilitupa taabu ya namna yake. Betri ikitolewa kwa muda, hurudi kwenye tarehe 1 Januari ya mwaka ambao msikiti wetu ulikuwa haujapauliwa. Skripti haijui kwamba hilo haliwezekani, ikaipa khutba ya juzi tarehe ya miaka mingi nyuma. Tukaiwekea mpaka: rekodi yoyote ambayo tarehe yake ni ya mbele ya leo, au imepita leo kwa zaidi ya siku saba, isipewe jina, bali ipelekwe katika folda ya tatu inayoitwa Subira, na mtu aitazame asubuhi. Wiki nyingine folda ya Subira huwa tupu, wiki nyingine huwa na faili moja au mawili. Tunaliona hilo kuwa jambo jema, na tunamshuku zaidi mtu anayetuambia kwamba mashine yake haisiti hata siku moja.

Kisha kuna saa zetu. Kompyuta huandika 20-10, sisi tunasema saa mbili na dakika kumi usiku. Muadhini aliyezoea kuhesabu tangu jua kuchomoza aliandika katika daftari "saa 2.10", na kwa wiki nzima hatukuweza kulinganisha daftari na Maktaba mpaka tulipokumbuka tofauti ya saa sita. Na darsa ya mwalimu ilikuwa usiku wa kuamkia Ijumaa. Kwetu sisi siku huingia kwa kuzama jua, ilhali kompyuta huendelea kuuita usiku ule Alhamisi mpaka saa sita za usiku. Wapo waliopendekeza skripti iandike tarehe ya Hijria yenyewe. Tulikataa, na bado tunakataa. Kalenda za Hijria zilizomo ndani ya kompyuta ni za hesabu, kama ile ya Ummul-Qura ya Saudi Arabia, ilhali mwezi wetu huandama kwa kuonekana na kutangazwa. Mashine ingeweza kuandika 1 Ramadhani katika siku ambayo sisi tulikuwa bado tuko katika Shaabani tunakula mchana. Kwa hiyo faili lina tarehe ya miladi na saa ya kompyuta, na katibu huandika katika daftari tarehe ya Hijria baada ya mwezi kuthibiti. Kazi hiyo ni ya dakika mbili kwa wiki.

Kabla ya kuiachia skripti ifanye kazi, kijana aliifanya kwa mwezi mzima iandike tu kile ambacho ingekifanya, bila ya kukifanya. Kila asubuhi tulipata karatasi: hili lingeitwa hivi, hili lingeitwa hivi. Ugomvi wa Jum'a na ule wa Januari tuliuona humo, kwenye karatasi, wala hatukupoteza kitu. Lau tungeandikiwa karatasi kama hiyo mwaka jana, REC0001 ya pili ingetujia ikiwa swali.

Wasomaji wetu wa kurasa za familia watasema haya ni ya msikiti, sisi yanatuhusu nini? Dada mmoja wa mtaani kwetu aliunganisha picha za arusi ya mdogo wake kutoka kamera mbili katika folda moja. Kamera za picha huhesabu kwa tarakimu nne, mpaka 9999, kisha hurudi mwanzo, na kamera mbili zinaweza kuwa na picha ya 0457 kila moja. Kompyuta ilimuuliza kama abadilishe, naye akiwa amechoka alijibu ndiyo kwa zote. Picha za akina mama zikaondoka, zikabaki za wanaume. Vile vile simu: sauti zinazotumwa kwa WhatsApp, hasa katika simu za Android, huwekewa tarehe ndani ya jina, lakini ni tarehe iliyoingia katika simu yako, si tarehe ambayo bibi yenu alizungumza. Anayetaka kuhifadhi wasia wa mzazi, hati ya nikaha iliyopigwa picha, au risiti ya deni, asilitegemee jina lililotolewa na simu. Aya ya 282 ya Suratul-Baqara, ambayo ndiyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, inazungumzia kuandika deni, na kuandika huko kuna muda uliotajwa, mwandishi na mashahidi. Hivyo ni vitu vitatu ambavyo REC0014 haikuwa na hata kimoja.

Turudi Muscat. Ilitulazimu tumpigie simu mtoto wa mwalimu na kumweleza kwamba rekodi tuliyomuahidi hatunayo, na sababu yake. Alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Qadarallah. Lakini Ustadhi, upande wa akina mama hakuna aliyerekodi?" Swali hilo halikutujia akilini hata mara moja, na tunakiri kwamba hilo nalo linasema jambo juu ya kamati yetu. Tuliuliza Ijumaa ile kwa kipaza sauti. Baada ya Swala akaja mama mmoja, mshoni, aliyekuwa akichelewa darsa kwa sababu ya kumlisha mama yake mgonjwa, na aliyekuwa akirekodi kwa simu ili amsikilizishe akirudi. Alikuwa nayo. Aliingia darsani watu wakiwa wameshakaa, kwa hiyo mwanzo haumo, ila mwisho umo, na sauti ni safi.

Mwalimu alisema laki nne na nusu. Alimtaja mwenye kumdai kwa jina lake, la baba yake na la babu yake, na mji anaoishi, na akawaomba waliopo washuhudie. Waliosema laki tatu na laki tano walisikiliza pamoja nasi, na wote wawili wakasema Astaghfirullah kwa pamoja. Fedha zililipwa kabla ya mirathi kugawiwa, na mwenye kudai, alipopokea, alituambia kwamba alikuwa hana nia ya kuzidai.

Rekodi hiyo tuliiweka Mapokezi kwa mkono, kama faili lolote lile, na usiku ule skripti ikaipa jina. Asubuhi tuliongeza neno moja mwishoni mwa jina, na tukaliandika pia katika daftari: pungufu. Dakika kumi na mbili za kwanza hazimo, na ikiwa yuko msomaji aliyekuwa darsani usiku ule akiwa na simu mkononi, ofisi ya msikiti hufunguliwa kila siku baina ya Alasiri na Magharibi.